Faili Iko Wapi? Kutoka Gwassi 1934 Hadi OB ya Leo



Leo tuanze na zoezi. Chukua simu utafute jibu la swali hili: kituo cha polisi kilicho karibu na kwenu kimelalamikiwa mara ngapi katika miaka 10 iliyopita, na serikali imelipa pesa ngapi kwa makosa ya maafisa wake? Iwe ni Kericho mjini, Litein, Kapkatet, Bomet au Longisa. Tafuta, nakungoja.

Najua umeona nini. Habari za ajali, picha za kamanda kwenye baraza, video mbili tatu za watu wakikimbizwa na vitoa machozi. Orodha hujaona. Hakuna mahali pamoja ambapo raia wa kawaida anaweza kufungua na kusoma: kituo fulani, mwaka fulani, malalamiko fulani, uamuzi ulikuwa huu, fidia ilikuwa shilingi hizi, na zimelipwa au bado.

Mtu ataniambia hii ni story ya Gen Z ya juzi, tulianza kuuliza maswali baada ya Juni 2024. Zii. Hii ni story ya zaidi ya miaka 90, na ukitaka kuielewa huendi Nairobi. Unaanzia hapa hapa kwenye majani chai.

Sheria ya kufukuza ukoo

Miaka ya 1920 kampuni za Waingereza zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis. Wakati huo ukoo wa Talai ndio uliokuwa ukitoa viongozi wa kiroho, orkoiyot, na serikali ya kikoloni iliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza wao kuliko machifu waliowekwa na mzungu. Tayari mwaka 1914 ilikuwa imemchukua Kipchomber arap Koilegen, orkoiyot wa Wakipsigis, ikampeleka Fort Hall, yaani Murang'a ya leo.

Mwaka 1934 ikaenda mbali zaidi. Ikatunga sheria kabisa ya kuwaondoa hao viongozi pamoja na familia zao. Si mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa moja. Ukoo. Takriban watu 700, wazee, akina mama na watoto, walihamishwa hadi Gwassi, upande wa Ziwa Victoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria, kwa watu waliozoea baridi ya Kericho. Walikaa huko hadi karibu na uhuru. Waliporudi mwaka 1962, wengi walikuta hakuna shamba la kurudia.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba ukoloni ulipenda sana karatasi. Ukimhamisha mtu, kuna barua ya afisa wa wilaya. Ukimfungia, kuna orodha. Askari akipiga mtu hadi akafa, kuna afisa mahali fulani ameandika kwa mkubwa wake akiuliza tufanye nini na hii. Walidhulumu na wakaweka faili. Kwa hivyo uhuru ulipokaribia, swali likawa: hizi faili zitabaki na nani?

Moshi wa 1961

Mwaka 1961 London ilituma maagizo kwa makoloni yake kuhusu karatasi gani zisikabidhiwe serikali mpya. Kati ya zilizotajwa ni zile ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, au kuwaaibisha polisi, wanajeshi na watumishi wa umma. Soma tena hapo. Polisi walitajwa waziwazi. Miaka miwili kabla ya uhuru wetu, kuna mtu aliketi ofisini akahakikisha kwamba Mkenya huru hatakuja kusoma mambo ambayo polisi walimfanyia baba yake.

Nyingine zilichomwa. Nyingine zilipakiwa kwenye ndege zikapelekwa Uingereza. Kenya iliziomba mwaka 1967 na haikupewa.

Zilikaa huko miongo, kimya, mpaka wazee wa Mau Mau walipoenda mahakamani.

Masanduku 300

Hapa lazima tutoke Kericho kidogo twende Kenya ya kati, kwa sababu ndiko somo lenyewe liliko. Mwaka 2009 Wakenya wachache waliokuwa wamefungiwa kwenye kambi za miaka ya 1950 waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Walisema waliteswa, wengine walihasiwa, akina mama walidhalilishwa kwa njia ambazo sitaandika hapa. Jibu la serikali ya Uingereza lilikuwa la kiufundi: kwanza, wajibu huo ulihamia kwa serikali ya Kenya, pili, muda umepita sana.

Wanahistoria waliokuwa wakisaidia upande wa wazee walisisitiza kwamba kuna karatasi hazijaonekana. Mwaka 2011 serikali ikakubali kwamba ndiyo, zipo. Zilikuwa Hanslope Park, jumba la serikali lenye ulinzi mkali huko Uingereza: takriban faili 1,500 za Kenya katika masanduku 300, pamoja na maelfu ya faili za makoloni mengine 36.

Oktoba 2012 jaji McCombe akaamua kwamba kesi inaweza kuendelea hata baada ya miaka 50 na zaidi. Sababu kubwa? Karatasi zimebaki nyingi. Walalamishi wako hai, na kuna maandishi ya wakati ule ule yanayoonyesha nani alijua nini na lini, kwa hivyo kesi ya haki bado inawezekana.

Miezi 8 baadaye, tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alisimama bungeni London akasema serikali yake inasikitika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ukigawanya unapata kama pauni 3,800 kwa kila mtu, na humo bado gharama za kesi hazijatolewa. Pesa ndogo kwa maisha yaliyoharibiwa. Lakini ni rekodi. Kiasi kinajulikana, idadi ya watu inajulikana, tarehe inajulikana. Hakuna mtu sasa anaweza kusema Mau Mau walitunga.

Halafu kukaja kesi ya pili. Hii watu hawaipostingi sana. Wakenya zaidi ya 40,000 nao waliishtaki serikali ile ile katika mahakama za nchi ile ile, kwa mambo ya miaka ile ile. Mwaka 2018 kesi yao ikaanguka. Muda ulikuwa umepita, mashahidi wengi wamekufa, na jaji akaona hakuna maandishi ya kutosha kuhusu mtu mmoja mmoja ili kesi isikizwe kwa haki.

Kwa hivyo mateso ni ya enzi moja na serikali ni ile ile. Hawa walikuwa na karatasi na mashahidi wakalipwa. Wale walikuwa na kumbukumbu, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Ukisahau kila kitu kwenye posti hii, usisahau hizo kesi mbili.

Tukirudi kwenye majani chai

Watu wetu nao wameifuata njia hiyo. Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na mwaka 2019 tume ikakubali kwamba walidhulumiwa kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia serikali ya Uingereza. Agosti 2022 wakapeleka ombi kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Na walibeba nini mikononi? Ile sheria ya 1934 yenyewe. Barua za maafisa. Ushahidi wa wazee waliozaliwa Gwassi. Karatasi ya mkoloni ikageuka shahidi dhidi ya mkoloni. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa 2023 alisema kulikuwa na vitendo vya ukatili visivyo na udhuru. Kuomba radhi rasmi hakuomba.

Sasa wewe jiulize. Kama kogo wa mtu Kericho anaweza kuonyesha barua ya miaka ya 1930 kuhusu familia yake kuhamishwa na askari, wewe unaweza kuonyesha nini kuhusu usiku ule kijana wa jirani alivunjwa mkono seli ya polisi?

Uvumi hujaza pengo

Januari 31, 2008, nchi ikiwa tayari inawaka, mbunge wa Ainamoi hapa Kericho, David Kimutai Too, alipigwa risasi na afisa wa trafiki mjini Eldoret. Polisi walitangaza haraka kwamba ni mambo ya mapenzi. Watu wengi nyumbani hawakuamini hata dakika moja, na ndani ya saa chache barabara za Kericho zilikuwa zimefungwa na nyumba zinachomwa.

Mimi sibishani hapa kuhusu afisa yule aliua kwa nini. Ninachosema ni hiki: polisi wakiwa hawana historia ya kusema ukweli juu yao wenyewe mbele ya watu, siku watakayosema ukweli hakuna atakayewaamini. Na gharama hailipwi na polisi peke yao. Mwaka ule ililipwa na mfanyakazi wa chai ambaye jina lake la ukoo halikutoka upande huu.

Baadaye mwaka huo tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa kwenye machafuko hayo nchini: watu 1,133. Kati yao 405 walikufa kwa risasi. Mtaani hatukuwa na bunduki nyingi hivyo, na tume yenyewe ilinyoosha kidole kwa polisi. Ikapendekeza chombo huru cha kuwachunguza. Katiba ya 2010 ikaja, halafu sheria ya mwaka 2011 ikaunda IPOA.

Mei 2023 tena, hapa Kericho, watu walichoma mashine za kuchuna chai kwa sababu zinachukua kazi zao. Mtu mmoja aliuawa, na polisi kadhaa wakaumia. Nakuuliza tu: unaweza kuniambia uchunguzi wa kifo hicho uliishia wapi? Hata mimi ninayekaa nikisoma haya mambo nimetafuta mpaka macho yakauma.

Tuko na nini sasa?

Tuwe wakweli, hatuko sifuri. IPOA ipo na inafanya kazi. Polisi wakisababisha kifo au jeraha baya, sheria inawataka waiarifu IPOA. Mwaka 2016 maafisa wawili walifungwa kwa kifo cha Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 aliyepigwa risasi Kwale mwaka 2014, na ni IPOA iliyochunguza. IPOA pia inatakiwa kutoa ripoti kila miezi sita. Ukizifungua utaona malalamiko yamepangwa kwa aina: kupuuza kazi, kupiga watu, kutumia vibaya mamlaka, na kadhalika. Ni nzuri kwa mtafiti. Kwa mama wa Silibwet anayetaka kujua kama kituo cha kwao kina tabia ya kupiga vijana, haimsaidii sana.

Upande wa pesa ni mgumu zaidi. Hukumu ziko. Kenya Law inaweka hukumu za mahakama mtandaoni bure. Utasoma jinsi Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa Nyayo House. Utasoma jinsi Desemba 2020 ilivyoamuru manusura wanne wa ukatili wa kingono wa 2007/2008 walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Lakini utazisoma moja moja, kama mtu anayeokota majani chai yaliyomwagika barabarani. Hakuna aliyeziweka kwenye kikapu.

Na kushinda si kulipwa. Ukinidai mimi na mahakama ikuunge mkono, madalali watakuja kubeba tivii na kochi. Ukiidai serikali, sheria ya kesi dhidi ya serikali inakataza mali yake kunadiwa. Unatakiwa upate cheti cha mahakama, ukipeleke kwa ofisi husika, ungoje. Wasipolipa, unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia pesa. Akikaidi, unarudi tena kumshtaki kwa kudharau korti. Ni kesi juu ya kesi, na kila moja inataka nauli na wakili. Kuna watu wanakufa wakiwa na hukumu kwenye droo.

Mwishowe zikilipwa, zinatoka wapi? Kwa ushuru. Wako na wangu. Ile mafuta ya kupikia umenunua jana imechangia. Afisa aliyepiga mtu anaweza kuwa amehamishiwa kituo kingine, na huko hakuna mwananchi anayejua. Agosti 2025 Rais alitangaza mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano tangu 2017, na haukuchukua muda ukapelekwa kortini. Sisemi watu wasilipwe. Walipwe, hata leo. Lakini fidia bila rekodi ni kama kulipia dirisha lililovunjwa bila kuuliza nani anarusha mawe. Mwaka ujao utanunua kioo kingine.

Wengine walifanyaje

Chicago kule Marekani walikuwa na tatizo kama hili. Mwandishi Jamie Kalven alipigania faili za malalamiko dhidi ya polisi kwa miaka, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba ni mali ya umma. Mwaka 2015 taasisi yake ikaziweka kwenye tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta. Polisi wa Chicago hawakugeuka malaika. Lakini mzazi, wakili au mwandishi anaweza kuona kama afisa mmoja ana malalamiko 2 au 50. Hiyo peke yake inabadilisha mazungumzo.

Najua polisi wanasoma hizi posti pia, na wengine ni mabinamu zetu. Hoja yao ina uzito: malalamiko si hatia, mtu anaweza kuchafuliwa jina na mlevi aliyekamatwa Jumamosi. Sawa. Basi rekodi ionyeshe na uamuzi. Malalamiko yaliyotupwa yaandikwe yametupwa. Jina la afisa litoke tu pale ambapo amepatikana na kosa. Afisa safi ndiye anayefaidika zaidi, kwa sababu leo sote tunamwita karao mmoja na yule mchafu, maana hatuna njia ya kuwatofautisha.

Ninachotaka si kikubwa. Ukurasa mmoja, kila mwaka, kwa kila kituo: malalamiko mangapi, ya aina gani, yaliishaje, fidia kiasi gani imeamriwa, kiasi gani kimelipwa. Karatasi zote hizo tayari ziko kwenye ofisi fulani za serikali. Ni kuziunganisha.

Wewe fanya hivi

Ukiripoti kitu kituoni, usitoke bila nambari ya OB. Ipige picha. Ukiumizwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na fomu ya P3 ijazwe, uweke nakala. Andika tarehe, saa, mahali, na nambari ya afisa au ya gari kama uliiona. Halafu peleka malalamiko IPOA, na uhifadhi ushahidi kwamba umepeleka.

Halafu kuna silaha ambayo hatuitumii: kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia anaandika barua kwa ofisi ya umma akiomba habari, na wanatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, unapeleka kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu huita Ombudsman. Huhitaji wakili. Unahitaji kalamu na kichwa ngumu. Fikiria vijana 50 wa Kericho na Bomet wakiandika barua 50 wiki moja, kila mmoja akiulizia kituo cha kwao.

Talai walingoja zaidi ya miaka 80 kabla tume ya nchi yao wenyewe kukubali kwamba walidhulumiwa, na walifika hapo kwa sababu kuna mtu, hata kama ni adui, aliandika. Wale 40,000 walifika kortini wakiambiwa maandishi hayatoshi. Siku moja mtoto wako atauliza 2024 kulifanyika nini, na atataka kitu zaidi ya video uliyofuta kupata nafasi kwa simu.

Mimi barua yangu nimeshaiandika. Nitaipeleka Jumatatu asubuhi, nihesabu siku 21, nirudi hapa kuwaambia jibu. Kama hakuna jibu, nitaandika pia kwamba hakuna jibu. Hiyo nayo ni rekodi.

Nawe, kituo cha kwenu ni gani? Weka kwenye komenti.